Kuotesha Miche ya Mboga Nyumbani kwa Majira ya Machipuko

Mche wa mboga ulio tayari kupandikizwa huwa mfupi kuliko wengi wanavyotarajia. Shina lake ni nene, majani yake yamekaribiana na yana kijani kilichokolea, na ukiutoa katika chombo utaona mizizi myeupe iliyoushika udongo bila kujiviringisha chini kama kamba. Mche dhaifu hurefuka, hupauka na kuinamia upande wa dirisha, na upepo wa kwanza wa nje huulaza chini. Anayeanza kulima bustani ya nyumbani huvutiwa mara nyingi na huo wa pili, kwa kuwa kimo kinaonekana kuwa ndiyo afya, ilhali urefu wa namna hiyo ni dalili ya mmea unaotafuta mwanga usioupata. Naanza na tofauti hii kwa sababu ndiyo inayoamua karibu kila jambo linalofuata: makosa mengi ya kuotesha miche ndani ya nyumba hutokana na kuanza mapema mno, kisha kuipa miche joto jingi na mwanga kidogo.

Kuhesabu wiki kurudi nyuma

Kabla ya kununua mbegu, tafuta tarehe ambayo kwa wastani jalidi ya mwisho huanguka mahali unapoishi. Jalidi ni umande unaoganda usiku, joto la usawa wa ardhi linaposhuka hadi nyuzi 0 au chini yake, na usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kuua nyanya, pilipili, matango na maharage yote ya bustani. Idara za hali ya hewa hutunza kumbukumbu za tarehe hizo, na majirani waliolima kwa miaka mingi huzijua bila kufungua kitabu. Wastani, hata hivyo, maana yake ni kwamba katika karibu nusu ya miaka jalidi hurudi tena baada ya siku hiyo. Aidha, bustani iliyo bondeni inaweza kuunguzwa usiku uleule ambao bustani ya mteremkoni imesalimika, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kuelekea chini kama maji. Kwa wakazi wa kizio cha kaskazini tarehe hiyo huangukia mara nyingi kati ya Machi na Mei, na kwa wa kizio cha kusini kati ya Septemba na Novemba.

Kutoka siku hiyo hesabu wiki kurudi nyuma. Vitunguu, liki na seleri hukua polepole sana, hivyo husiwa wiki 10 hadi 12 kabla. Pilipili hoho na biringanya huhitaji wiki 8 hadi 10, na nyanya wiki 6 hadi 8. Kabichi, brokoli na koliflawa huvumilia baridi. Miche yake yenye umri wa wiki 4 hadi 6 inaweza kutolewa nje wiki 2 au 3 kabla ya jalidi ya mwisho, kwa hiyo hesabu yake ianzie kwenye siku unayokusudia kuipandikiza. Letusi hufuata mwendo huohuo. Matango, maboga na matikiti hukua haraka na huchukia mizizi yake kuguswa, kwa hiyo wiki 3 hadi 4 zinayatosha, kila mbegu katika chombo chake.

Ukisita kati ya tarehe mbili za kusia, chagua iliyo ya baadaye. Mwaka mmoja nilisia nyanya za aina moja mara mbili, kundi la kwanza wiki 11 kabla ya kupandikiza na la pili wiki 6. Lile la kwanza lilifika bustanini likiwa na maua, huku mizizi imejaa chombo na majani ya chini yameshaanza kuwa ya njano. Lilisimama bila kuongezeka kwa wiki tatu, na kabla ya mwezi kwisha lile dogo lilikuwa limelipita. Kwa kabichi hasara ya kuwahi ni kubwa zaidi, kwani mche uliokaa ndani hadi shina lake likafikia unene wa penseli, kisha ukakutana na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa wiki kadhaa, unaweza kutoa maua badala ya kufunga kichwa.

Karoti, figili, njegere, maharage na mahindi ni heri kuzipanda moja kwa moja bustanini. Mzizi mkuu wa karoti ukiguswa hugawanyika na kutoa karoti yenye matawi, na hizo nyingine huota upesi kiasi kwamba kuziotesha ndani hakuna faida kubwa.

Mbegu, udongo na vyombo

Mbegu za miaka iliyopita zinaweza kutumika, lakini umri wake una mpaka. Za vitunguu na liki hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili. Za pilipili hudumu miaka miwili hadi minne. Za nyanya, kabichi na matango huweza kufika miaka minne au mitano zikihifadhiwa mahali pakavu na pa baridi. Kama una shaka, weka mbegu 10 ndani ya karatasi nyororo iliyoloweshwa, ikunje, itie katika mfuko wa plastiki na uiache mahali pa joto kwa siku zinazotakiwa. Zikiota 8 au 9, sia kama kawaida. Zikiota 5, sia mara mbili ya kiasi ulichopanga. Zikiota 2, tafuta mbegu mpya.

Udongo wa bustani peke yake haufai kwa kazi hii. Ukiwekwa katika chombo kidogo hushikamana na kuwa mgumu, hauruhusu hewa kuifikia mizizi, na hubeba vimelea vya magonjwa pamoja na mbegu za magugu ambayo yataota pamoja na mboga zako. Kinachohitajika ni mchanganyiko mwepesi unaoshika maji na wakati huohuo kuyaacha ya ziada yatoke. Unaweza kununua ule uliotengenezwa tayari kwa ajili ya kuoteshea, au uchanganye mwenyewe sehemu mbili za nyuzi laini za maganda ya nazi, sehemu moja ya mboji iliyoiva kabisa na kuchekechwa, na sehemu moja ya perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mwamba uliochomwa, au mchanga msafi wenye chembe kubwa. Ukiukamata mkononi ukiwa na unyevu, ukaufinya, kisha ukaufungua mkono, bonge litengenezeke na livunjike kwa kuguswa kidogo. Samadi mbichi isiingie kabisa, kwa kuwa huunguza mizizi michanga.

Vyombo vinaweza kuwa trei zenye vyumba, vikopo vya maziwa mgando au visanduku vya karatasi ngumu, mradi kila kimoja kiwe na matundu chini ya kutolea maji. Vilivyotumika mwaka uliopita vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe kwa dakika 10 katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, halafu visuuzwe. Kazi hiyo inachosha, na wengi huiruka mpaka siku wanapopoteza trei nzima kwa ugonjwa nitakaoueleza baadaye. Andika jina la mboga na tarehe ya kusia kwa penseli juu ya kijiti, kwa sababu wino mwingi hufutika kwa maji na jua, na miche ya kabichi, brokoli na koliflawa inapokuwa midogo haitofautishiki kwa macho.

Kusia

Lowesha mchanganyiko kabla ya kuujaza katika vyombo, maana uliokauka kabisa hukataa maji na kuyaacha yapite pembeni. Jaza, gonga chombo mezani mara moja ili mashimo ya ndani yajazwe, na usishindilie. Kina cha kusia ni mara mbili au tatu ya upana wa mbegu yenyewe: nyanya na kabichi nusu sentimita hadi moja, maboga sentimita 2 hadi 3. Mbegu za letusi na seleri huhitaji mwanga ili ziote, hivyo zibonyezwe tu juu ya udongo na kunyunyiziwa vumbi jembamba la mchanganyiko. Weka mbegu mbili katika kila chumba. Baadaye utaacha mche wenye nguvu na kuukata mwingine kwa mkasi, bila kuung'oa, ili mizizi ya jirani isitikiswe.

Katika hatua hii joto ndilo lenye uzito. Nyanya huota kwa siku 5 hadi 10 katika udongo wenye nyuzi 21 hadi 27. Pilipili na biringanya hupenda nyuzi 24 hadi 30, na chumba kikiwa na baridi zinaweza kukawia wiki tatu au kuoza kabla ya kuchomoza. Kabichi na jamaa zake huridhika na nyuzi 18 hadi 21. Letusi ni kinyume: udongo ukizidi nyuzi 27 au karibu na hapo, mbegu nyingi hulala na kukataa kuota, kwa hiyo usiiweke pamoja na pilipili juu ya mkeka wa joto, ule wa umeme unaowekwa chini ya trei. Asiye na mkeka huo anaweza kutumia sehemu ya juu ya jokofu au ya kabati lililo karibu na jiko, ilimradi aipime kwa kipimajoto kilichochomekwa udongoni, kwa sababu joto la hewa ya chumba na joto la udongo wenye maji hutofautiana kwa nyuzi kadhaa.

Funika vyombo kwa plastiki au kioo ili unyevu usipotee, na uvitazame asubuhi na jioni. Miche ya kwanza inapochomoza, hata ikiwa michache, ondoa kifuniko na uihamishie kwenye mwanga saa hiyohiyo. Siku moja ya kuchelewa gizani inatosha kulirefusha shina kwa kiasi ambacho halitarudi tena kuwa fupi.

Mwanga, na kwa nini dirisha halitoshi

Jicho la binadamu hujirekebisha kulingana na mwanga uliopo, na hapo ndipo linapotudanganya. Chumba tunachokiona kuwa cheupe mchana kinaweza kuwa na sehemu ndogo sana ya mwanga ulioko nje, na hata kwenye kingo ya dirisha mche hupata mwanga wa upande mmoja tu, kwa saa chache, hasa mwishoni mwa baridi ambapo siku bado ni fupi na mawingu mengi. Mmea unaokosa mwanga hutumia akiba yake kurefusha shina, ukiwa unafanya kile ambacho porini kingeutoa chini ya kivuli cha majani mengine. Ndani ya nyumba hakuna mahali pa kutokea, kwa hiyo huendelea kurefuka hadi ukaanguka.

Suluhisho la uhakika ni taa. Haihitaji kuwa ya gharama. Taa za mirija nyeupe au taa za kawaida za LED zenye mwanga mweupe hutosha kwa miche, kwa kuwa haikusudiwi kuzaa ndani. La muhimu ni umbali, kwa sababu nguvu ya mwanga hupungua haraka kadiri taa inavyokwenda mbali. Taa za mirija zikae sentimita 5 hadi 10 juu ya ncha za majani. Za LED zenye nguvu zaidi zianze sentimita 30 hivi na zishushwe au kupandishwa kufuatana na mche unavyojibu. Mche ukirefuka, shusha taa; majani yakipauka juu na kujikunja, ipandishe. Itundike kwa mnyororo au kamba ili kuirekebisha kuwe rahisi, kwani taa isiyosogezeka huachwa pale ilipo. Iwashe kwa saa 14 hadi 16 kwa siku na uizime usiku, kwa kuwa miche mingi, nyanya hasa, hupumzika vizuri na kukua sawasawa ikipata giza.

Kama dirisha ndilo pekee ulilo nalo, chagua linaloelekea kusini ukiwa kizio cha kaskazini, au kaskazini ukiwa kizio cha kusini, geuza trei kila siku, na simamisha ubao mweupe nyuma ya miche ili urudishe mwanga. Katika hali hiyo chelewesha kusia kwa wiki mbili zaidi, siku zirefuke.

Baada ya kuota, joto lipungue. Nyanya na pilipili hukua imara mchana ukiwa na nyuzi 18 hadi 22 na usiku ukiwa na nyuzi 15 hadi 17, na kabichi na letusi hupenda chini ya hapo. Joto jingi na mwanga kidogo ndiyo njia fupi ya kupata mashina kama nyuzi. Jambo jingine lenye faida ambalo halina gharama ni kuigusa miche: pitisha kiganja polepole juu ya ncha zake mara kadhaa kwa siku, au washa feni ndogo ya upepo mwepesi. Mmea unaotikiswa hujibu kwa kufupisha na kunenepesha shina, kama ule unaokua nje penye upepo.

Maji na kinyausi

Ugonjwa unaoua miche mingi kuliko magonjwa mengine yote ndani ya nyumba ni kinyausi. Mche uliokuwa mzima jioni hukutwa asubuhi umelala, shina limebonyea na kuwa jembamba kama uzi usawa wa udongo. Husababishwa na vimelea vya udongoni, miongoni mwao Pythium na Rhizoctonia, vinavyostawi penye maji mengi, baridi na hewa iliyotuama. Mche uliokwisha anguka hauponi. Ondoa sehemu iliyoathirika pamoja na udongo wake, acha uso wa udongo uliobaki ukauke, na uongeze upepo.

Kinga yake ni namna ya kumwagilia. Weka trei ndani ya sinia lenye maji kimo cha sentimita 2, acha udongo uyanyonye kwa dakika 15 hadi 20 mpaka uso wake ubadilike rangi, kisha mwaga yaliyobaki. Subiri uso ukauke kidogo kabla ya kurudia. Uzito wa trei ukiinyanyua utakufundisha upesi kuliko ratiba yoyote. Maji yawe ya joto la chumba, kwa sababu maji baridi ya bomba hushusha joto la udongo na kuidumaza mizizi.

Kuhamisha na kulisha

Majani mawili ya kwanza ni ghalambegu, yaliyokuwamo ndani ya mbegu tangu mwanzo. Yanayofuata ndiyo majani halisi, yenye umbo la mboga yenyewe, na yakishatokea mawili mche uko tayari kuhamishiwa katika chombo kikubwa zaidi, chenye upana wa sentimita 7 hadi 10. Uinue kwa kijiti kutoka chini na uushike kwa jani. Jani likichanika litaota jingine, lakini mche una shina moja tu, na likiminywa mishipa yake ya maji huvunjika. Nyanya izikwe hadi karibu na ghalambegu, kwa kuwa shina lake hutoa mizizi mipya popote linapogusa udongo. Letusi isizikwe kitovu chake, yaani katikati yanapochipukia majani, ama sivyo itaoza.

Mchanganyiko usio na mboji huwa hauna chakula cha kutosha. Kuanzia majani halisi ya kwanza, mpe mche mbolea ya maji mara moja kwa wiki, robo hadi nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Ghalambegu kuwa za njano na kudondoka ni kawaida. Majani halisi ya chini yakifanya hivyo, ni njaa au maji mengi.

Kuizoesha miche nje na kuipandikiza

Mche uliokulia chini ya taa una ngozi nyembamba. Jua la wazi litaubabua majani yakawa na mabaka meupe kwa saa chache tu, na nimeona kazi ya miezi miwili ikiharibika alasiri moja kwa haraka ya siku ya mwisho. Kwa hiyo tenga siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza uutoe kwa saa moja au mbili kivulini, pasipo upepo. Ongeza saa kila siku, kisha uupe jua la asubuhi, baadaye la mchana, na mwishoni uuache nje usiku kucha ikiwa hakuna dalili ya jalidi. Punguza maji kidogo katika siku hizo bila kuuacha unyauke, na usiupe mbolea.

Udongo wa bustani nao una siku yake. Chukua konzi moja, ifinye: ikibaki bonge lenye kung'aa kwa maji, usilime bado, kwa maana udongo uliolimwa ukiwa tepetepe hukauka kuwa mabonge magumu ya msimu mzima. Pima joto lake asubuhi kwa kina cha sentimita 10. Kabichi na letusi huridhika na nyuzi 7 hadi 10, nyanya zingoje nyuzi 15 au 16, na pilipili, biringanya na matango zingoje 18, usiku ukiwa haushuki chini ya nyuzi 10. Nyanya iliyopandwa katika udongo baridi haifi, lakini majani yake hugeuka ya zambarau kwa sababu mizizi inashindwa kunyonya fosforasi, na hukaa hivyo hadi joto lifike.

Pandikiza jioni au siku ya mawingu, ukiwa umemwagilia miche saa chache kabla. Achia sentimita 45 hadi 60 kati ya nyanya na nyanya, 45 kwa kabichi na pilipili, 25 hadi 30 kwa letusi. Kama umetumia vikopo vya kuozea udongoni, chana ukingo wa juu unaobaki nje, kwa kuwa hunyonya maji na kuyapeleka hewani. Zungushia kila shina pete ya karatasi ngumu yenye kimo cha sentimita 7, nusu yake ikiwa ardhini, ili sota, viwavi wanaokata miche, wasilikate usiku. Kisha mwagilia polepole mpaka maji yaingie chini ya mizizi.

Jioni inayotangaza jalidi, funika miche kwa kitambaa chepesi kinachogusa ardhi pande zote, kwa sababu joto linaloilinda hutoka udongoni. Chupa za plastiki zilizokatwa kitako zinafaa pia. Asubuhi kila kifuniko cha plastiki kiondolewe mapema, kabla jua halijaugeuza mche kuwa kama uliochemshwa. Mwagilia kila siku kwa wiki ya kwanza, hadi jani jipya litokee katikati ya mche. Likishatokea, mizizi imeshika udongo wa bustani, na unaweza kumwagilia mara chache zaidi lakini kwa kina, na kutandaza matandazo udongo ukiwa umeshapata joto.